Jinsi kachumbari isiyo na kitunguu ilivyookoa grant yetu ya utafiti Malolo

Wakuu, habari za jioni.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, siyo rafiki wa rafiki. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu mhusika mkuu ana wajukuu wenye simu na wanamsomea kila kitu. Nikiongeza chumvi hata kidogo nitapigiwa.

Naona humu kila baada ya muda mtu anauliza kama hizi grant ndogo za nje, zile zinazounganisha biashara ndogo na mwanasayansi wa nchi nyingine, ni za kweli au ni wale jamaa wa "ile hela tuma kwa namba hii". Nikasema ngoja nami nishushe yangu.

Kaeni vizuri, ni ndefu kidogo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nipo Mikumi. Nimezaliwa Kilosa mjini, babu yangu aliletwa na kazi ya reli akanogewa, akabaki. Natengeneza mageti, madirisha, vitanda vya chuma, keria za pikipiki. Kilimo sikijui. Hilo la kilimo mlishike, litanitia aibu huko mbele.

Kuna mwaka nilipeleka geti Malolo kwa mama mmoja mtu mzima, tumwite Bi Mwanaidi. Ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima vitunguu. Ambaye hajafika Malolo wakati wa mavuno ya vitunguu hajui. Vipo barazani, vipo uani, vipo chini ya vitanda, mtoto akitaka kupita anaviruka. Na madalali wapo pale na magari yao, wanapanga bei wanayotaka wao, kwa gunia la lumbesa ambalo limejazwa mpaka limeota kichwa.

Nikamuuliza kwa nini hawasubiri bei ipande.

"Nikisubiri vinaoza, mwanangu," akasema. "Halafu nitauza harufu?"

Nikaondoka na lile swali kichwani. Mimi nikishikwa na kitu silali vizuri, mke wangu Rehema anajua. Nikaanza kuchora, nikakata nondo, nikatafuta wavu. Baada ya majaribio mengi nikapata ghala dogo la chuma lenye vitanda vya wavu, vitunguu vinalala juu yake vimetandazwa, na juu kuna bomba la bati nililopaka rangi nyeusi. Jua likilipiga lile bomba, hewa inapanda na kuvuta nyingine kutoka chini. Umeme hakuna, feni hakuna.

Niliona nimetoboa wakuu. Nikampigia Bi Mwanaidi, nikampigia na afisa ugani, nikaanza kujiita mkurugenzi.

Sasa nenda kauze. Kila mkulima ananiuliza swali moja tu, vikioza humo ndani nani analipa? Nikisema haviozi, ananiuliza nimepima lini. Sijapima. Ghala likabaki limesimama mbele ya karakana yangu, kuku wa jirani wakawa wanalala humo. Walinenepa, sikatai.

Nikarekodi video ya ghala nikaiweka mtandaoni. Comments zilikuwa za kawaida tu, watu wanauliza bei halafu wanapotea. Mmoja tu aliuliza kitu cha maana, kwa Kiingereza, akitaka kujua urefu wa bomba na upana wake. Ni mama mmoja mwanasayansi kutoka India, huko kwao wanalima vitunguu kwa wingi wa kutisha na kazi yake ni hiyohiyo, kuchunguza kwa nini vinaoza. Tumwite Dokta Sunita.

Tukachati wiki kadhaa. Siku moja akaniambia kuna mfuko huko Ulaya unatoa grant ndogo kwa biashara ndogo ikishirikiana na mtafiti wa nchi nyingine. Masharti yake ni kwamba biashara ndiyo iongoze, mtafiti asaidie kupima, na kazi iishe ndani ya msimu. Mkifanya vizuri mnaruhusiwa kuomba hatua ya pili ambayo ni kubwa. Mkifanya vibaya mnaandika ripoti, mnashukuru, mnaenda zenu.

Rehema ni mwalimu wa sekondari. Nilipomwonyesha zile meseji akavua miwani.

"Baba Salha, huyu mtu umeshawahi kumwona?"

"Kwenye video call."

"Amekuomba hela ya fomu?"

"Hajaniomba."

"Atakuomba."

Akakaa akisubiri niombwe hela. Wiki zikapita, sikuombwa. Alichoombwa yeye ni kunyoosha Kiingereza changu kwenye proposal, na hapo ndipo alipoanza kuamini kidogo, kwa sababu Dokta alimrudishia masahihisho yenye maswali ya akili. Rehema anaheshimu mtu anayesahihisha vizuri.

Tukazunguka Kilosa, makao makuu ya wilaya, kutafuta leseni na usajili. Nataka niseme ukweli, tulihudumiwa vizuri, isipokuwa kila ofisi walinisahihisha nilipojiita mkurugenzi.

Tukapata. Nilikuwa juu ya bati la mtu nachomelea nilipopokea ile email. Nilishuka bila ngazi.

Sasa hapa naomba mnielewe nilichokuwa nimeweka rehani. Nilipunguza kupokea kazi za mageti ili nihudumie huu mradi. Nilimwahidi Bi Mwanaidi na kikundi chake kwamba hatua ya pili ikipita, maghala ya kwanza yatajengwa kwao. Akina mama wale walishaanza kusema msimu ujao hawatauza shambani. Kwa hiyo kama vipimo vikikataa, karakana inarudi kwenye keria za pikipiki na wao wanarudi kwa madalali. Ilikuwa hivyo, hakuna njia ya tatu.

Dokta Sunita akaja. Alishuka Kilosa na treni ya SGR, amevaa raba na kofia kubwa. Mimi na Rehema tulienda kumpokea. Kabla hatujafika Mikumi alishasimamisha gari kuangalia kila kitu kilichooteshwa pembeni ya barabara, vumbi lote lile hakulijali.

Tulipofika Malolo akina mama wakampokea vizuri sana, ila mmoja, Mama Asha, akamsogelea Rehema akamuuliza kwa sauti ya chini duka lake liko mtaa gani pale Morogoro. Rehema akamweleza kwamba huyu hana duka, ni dokta wa vitunguu. Mama Asha akamwangalia Dokta kwa huruma kidogo.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Vitunguu vya shamba moja tukavigawa. Nusu vikaingia kwenye ghala langu tulilolisimamisha kwenye kiwanja cha kikundi, likafungwa kufuli na ufunguo nikakaa nao mimi. Nusu nyingine tukavipanga mafungu sakafuni kwenye banda la Bi Mwanaidi, kama wanavyoweka siku zote. Haya mafungu ya sakafuni ndiyo wataalamu wanayaita control. Yaani hayaguswi, yanaachwa yaoze yatakavyooza, ili ujue ghala limesaidia kiasi gani. Usipokuwa nayo huna cha kulinganisha.

Dokta akanieleza kwa kituo. Nikaelewa vizuri kabisa. Akaniambia nimweleze Bi Mwanaidi.

Wakuu, hebu jiwekeni kwenye nafasi yangu. Yule ni mama mtu mzima, umri wa mama yangu mzazi. Nimempa shikamoo, ameniitikia, amenipa kiti. Sasa nimwambie, "Bibi, naomba nikuletee chakula nyumbani kwako, kioze mbele ya macho yako, na usikiguse"? Ulimi ulikataa.

Nikasema hivi: "Bibi, hivi vitunguu ni vya utafiti, ni vya mgeni wetu. Nakuomba unitunzie. Visiliwe, visiuzwe."

Bi Mwanaidi akaweka mkono kifuani. "Mwanangu, amana ni amana. Utavikuta."

Nikamtafsiria Dokta kwamba ameelewa. Dokta akafurahi, akapiga picha, akarudi kwao.

Kila Jumatano nikawa napanda pikipiki kwenda Malolo kupima. Nafungua ghala, natenga vilivyooza, napima, natuma namba kwa Dokta. Halafu naenda bandani kwa Bi Mwanaidi. Nakuta pamefagiliwa, pamenyunyiziwa maji nje ya mlango ili vumbi litulie, na mafungu yamekaa yametulia kama siku ya kwanza.

"Vipi Bibi, vinaendeleaje?"

"Salama kabisa mwanangu. Mwambie mgeni asiwe na wasiwasi."

Natafuta kilichooza, sikioni. Kwenye ghala langu, kwenye wavu wangu na bomba langu jeusi, kila wiki kilikuwepo kimoja kimoja cha kutupa. Kwa Bi Mwanaidi, sakafuni, hakuna.

Mwanzoni nikasema bado mapema. Halafu mvua zikaanza, unyevu ukaingia kila mahali, nikajua sasa ndiyo vitaonyesha rangi yake. Hakuna. Ghala langu likapoteza zaidi kidogo. Sakafu ya Bi Mwanaidi ikabaki bingwa.

Niliumia wakuu. Nilianza kuichukia ile sakafu. Nikawa nakagua upepo unaingilia wapi, nikapima dirisha, nikalala chini nione kama kuna ubaridi unatoka ardhini. Mama Asha alinikuta nimelala chali bandani akaenda kumwita Bi Mwanaidi taratibu, akidhani nimeanguka.

Kwenye Zoom nikamwambia Dokta kwamba tumekwisha, ghala langu ni kabati la kuku. Rehema alikuwa pembeni akanifinya. Dokta aliangalia namba, akasema hajawahi kuona sakafu ya namba ile tangu aanze kazi, na kwamba ile safari yake ya pili tuliyoiweka mwishoni ataiwahisha. Anataka aione kwa macho.

Mimi nikaelewa anakuja kufunga mradi.

Akaja. Safari hii tulimpokea Morogoro, tukapita na barabara kuu inayokatiza hifadhi, akaona tembo wawili na nyani wasio na idadi. Alifurahi sana, mimi nilikuwa nimenuna siti ya mbele nikiwaza jinsi nitakavyomwambia Bi Mwanaidi hakuna maghala.

Malolo tukakuta tumeandaliwa chakula. Wali, kuku wa kienyeji, mchicha, na bakuli la kachumbari. Bi Mwanaidi mwenyewe ametandika mkeka mpya, akina mama wenzake wapo, kila mtu amevaa vizuri.

Nikajipakulia. Nikaonja mchuzi. Kuna kitu hakipo, sikukitambua mara moja. Nikachota kachumbari.

Ilikuwa nyanya, pilipili, ndimu na chumvi.

Nikageuza kwa kijiko nione kama vitunguu vimekaa chini. Havikuwepo. Rehema naye alikuwa ameshaona, akawa ananiangalia. Dokta Sunita, mtu ambaye maisha yake yote ni vitunguu, alikuwa ametulia anatafuna nyanya yake kwa adabu.

Wakuu, kachumbari bila kitunguu, tena Malolo. Ni sawa na kwenda kwa muuza mkaa ukakuta wanakula chakula kibichi.

Nikauliza taratibu. "Bibi, msimu huu hamkubakiza vya kula?"

"Vimekwisha, mwanangu. Mtusamehe."

"Si uliniambia umeweka magunia ya kwako? Uliviuza?"

"Nani auze kwa bei ile."

Bi Mwanaidi akaanza kumhimiza Dokta aongeze wali. Mama Asha, ambaye nadhani alishachoka kukaa na hilo jambo, akasema huku anafunika chungu, "Si vimeingia kule bandani, kwenye vya mgeni."

Nikaomba arudie.

Akarudia. Kumbe kila asubuhi, baada ya swala, Bi Mwanaidi alikuwa anaingia bandani anayakagua mafungu. Akikuta kilichooza anakitoa, anakitupa mbali, anachukua kizima kutoka kwenye vyake anakiweka mahali pake. Vilipoisha vyake akakopa kwa wenzake wa kikundi. Nao walitoa, kwa sababu mwenyekiti wao amebeba amana ya mgeni na aibu yake ni ya kikundi kizima. Mvua zilipozidi, nyumba kadhaa pale zilikuwa zinapika bila kitunguu ili utafiti wangu usipungue.

Sikujua nicheke au nilie, na nasema wazi kwamba macho yalilowa. Nilikuwa nimeichukia sakafu ya watu muda wote ule.

Rehema akamtafsiria Dokta neno kwa neno. Dokta aliweka sahani chini. Akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akamwangalia Bi Mwanaidi, kicheko kikakatika. Akasema kwao bibi yake angefanya hivyohivyo, na kwamba kosa ni lake yeye Dokta, kwa sababu huko kwao amezoea mafungu kukaa chuoni kwenye chumba kilichofungwa, ambako hakuna mtu wa kuyaonea haya.

Mimi hapo akili ya kifundi ikaanza kufanya kazi. Nikasema basi tumeokoka, tumuulize Bi Mwanaidi alibadilisha vingapi, tukadirie, tujaze, tupeleke ripoti.

Dokta akasema hapana. Hakupandisha sauti. Alisema tukipeleka makadirio, siku moja mkulima atamwamini huyu fundi kwa namba za kubuni, na lile swali la wakulima lilikuwa zuri, vikioza nani analipa. Tutaandika kilichotokea chote, kilivyo, tuombe muda mpaka msimu ujao.

Tukaandika. Mimi niliona aibu kuandikia wazungu habari ya kachumbari, lakini Rehema akasema iandikwe na kachumbari yenyewe, ikaandikwa.

Walijibu. Muda tumeongezewa mpaka msimu mwingine, hela haiongezwi. Na aliyesaini akaongeza mstari chini kwamba ofisi nzima wameisoma ile ripoti na wanamsalimia Bi Mwanaidi.

Mnaweza kudhani hapo mambo yameisha. Bado.

Bi Mwanaidi alikasirika. Siyo kwa kelele, hana hizo. Nilipokwenda kumweleza sasa kwa uwazi kwamba vile vitunguu vilitakiwa vioze, aliacha alichokuwa anafanya, akanitazama.

"Kwa hiyo uliniletea vitunguu nyumbani kwangu vioze, watu waje waone?"

"Siyo hivyo Bibi."

"Ni hivyo. Mgeni atoke mbali, aingie kwangu, akute uozo. Halafu aseme Mwanaidi ndivyo alivyo."

Akaingia ndani. Baada ya hapo nikimpa shikamoo ananiitikia marahaba fupi, anaendelea na kazi yake. Wanaojua wanajua, ile marahaba fupi inauma kuliko kutukanwa.

Na bila yeye kazi haiendi. Nikajaribu nyumba nyingine, kila mama akanijibu kwa upole uleule kwamba banda lake limejaa. Hakuna aliyetaka kufuga uozo kwake huku mwenyekiti amekataa. Msimu ukawa unakaribia, nimeshikilia grant na sina pa kuweka mafungu.

Nikamwambia Rehema mimi nimeshindwa. Akasema nimeshindwa kwa sababu kila siku naenda kueleza sayansi, sijaenda kuomba msamaha. Tukaenda wote wawili. Tulikaa kwenye mkeka, Rehema ndiye aliyezungumza, mimi nilikuwa natazama vidole vya miguu. Hakusema habari ya control hata mara moja. Alisema tulimbebesha mzigo bila kumwambia ndani kuna nini, na vitunguu vyake vya kula vikaisha kwa sababu yetu.

Bi Mwanaidi akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza, "Yule Mhindi, mwanangu yule, naye amefokewa huko kwao?"

Rehema akasema hakufokewa, ila asipopata namba za kweli kazi yake na ya fundi zinaishia hapa.

Bi Mwanaidi akafikiri.

"Nani anatakiwa kuviona vikioza?"

Swali hilo sikulitegemea. Tukampigia Dokta palepale kwa video. Dokta akajibu kwamba anayetakiwa kuviona ni fundi na mizani yake, siku ya Jumatano. Watu wengine siyo lazima.

Tukakubaliana hivi: mafungu yatakaa, hatayagusa mtu, yataoza. Lakini siku akija mgeni yeyote, awe mtendaji, awe mkwe, awe nani, Bi Mwanaidi atayatandikia khanga juu mpaka mgeni aondoke. Dokta akauliza khanga ni nzito kiasi gani, hewa inapita? Akaonyeshwa. Akasema sawa. Hiyo imo kwenye utaratibu wa utafiti wetu, imeandikwa kabisa kwa Kiingereza cha Rehema, kwamba mafungu yatafunikwa kwa kitambaa chepesi pindi wageni wawapo. Sijui kama kuna utafiti mwingine duniani una kipengele hicho.

Msimu ule mambo yakaenda yanavyotakiwa. Mafungu yalioza jamani. Mvua zilipokolea, nilikuwa napima nimejifunga kitambaa puani, na Bi Mwanaidi amekaa mlangoni amegeukia upande mwingine, hataki kuona. Mara moja nilimsikia anaviambia, "Poleni."

Na ghala, ghala lenyewe, wakuu, likatulia. Vilikuwepo vya kutupa, sisemi havikuwepo, lakini ukisimama na mizani katikati ya ghala na banda, huhitaji Dokta kukutafsiria.

Kabla ya kufunga mradi tukafanya siku ya wazi. Wakaja wakulima wa Malolo, wakaja wengine kutoka milima ya Vidunda waliosikia habari, akaja afisa kilimo. Dokta Sunita alikuwa kwenye simu ya Rehema, kwa video, kwa sababu safari zake mbili zilishaisha. Wageni wakaangalia ghala, wakagusa wavu, wakachungulia bomba. Halafu wakafika bandani wakakuta mafungu yamefunikwa khanga safi yenye maua mekundu.

Afisa kilimo akauliza, "Hapa chini kuna nini?"

Nikaanza kujiumauma. Nikasema hilo ni eneo la kulinganishia, kwa leo siyo muhimu sana, tunaweza tukaendelea.

Bi Mwanaidi akatoka katikati ya akina mama. Akajifunga mtandio vizuri. Akainama akaishika khanga kwa pembe mbili akaivuta mwenyewe.

Harufu ikatoka, watu wakarudi nyuma.

"Hivi ni vitunguu," akasema. "Vimeoza nyumbani kwangu, na ndivyo vinavyooza kwako, na kwako, na kwako. Tunavitupa usiku ili jirani asione. Vya kule kwenye ghala vimetoka shamba hilohilo, siku hiyohiyo. Nendeni mkaangalie tena."

Halafu mzee mmoja wa Vidunda akasema hata kwake ni hivyohivyo, na mwingine akasema hata kwake. Wakarudi ghalani wote, na safari hii walikaa huko muda mrefu. Lile swali la vikioza nani analipa hakuna aliyeniuliza. Waliniuliza zamu ya nani itakuwa ya kwanza.

Mimi nilibaki mlangoni mwa banda nimeishika khanga ya watu, sijui niiweke wapi.

Mchana tukala. Bi Mwanaidi alikwenda ghalani mwenyewe, nikamfungulia kufuli, akachagua vitunguu kwenye wavu kimoja kimoja. Ilikuwa kipindi ambacho pale kijijini hakuna mtu mwenye kitunguu cha kwake, wote wananunua cha dukani. Akakata kachumbari. Ilikuwa vitunguu vitupu, nyanya unazitafuta.

Kabla hajaigawa kwa mtu yeyote akachukua bakuli, akalisogeza mbele ya simu ya Rehema mpaka likajaa kioo kizima.

"Mwambie mwanangu," akasema, "leo vipo."

Dokta hakuhitaji kutafsiriwa. Alijifuta macho na ncha ya nguo yake huko aliko, na sisi huku tukawa tunasingizia vitunguu.

Hatua ya pili tumepita. Ghala la kwanza limesimama uani kwa Bi Mwanaidi, na geti nimempa jipya pia, kwa sababu lile la zamani nilichomelea vibaya.

Nilichojifunza ni hiki. Hizi grant zipo, na ndogo ni nzuri kuanzia, mradi umpate mtafiti anayeuliza maswali kuliko anayetoa majibu. Usilipie fomu ya mtu. Ukiharibu, waandikie umeharibu, wengi wao ni waelewa kuliko tunavyodhani. Na jambo ambalo unaona haya kumweleza mwenzako, hasa mtu mzima, mweleze siku ya kwanza, kabla hajaanza kukulipia kwa vitunguu vyake vya kula.

Wenye maswali ya proposal ulizeni hapa, Rehema atajibu, maana mimi Kiingereza changu mnakijua sasa. Na aliyewahi kuharibiwa kazi na wema wa mtu naye atusimulie, nina hakika siko peke yangu.

Mkipita Malolo mnakaribishwa chakula. Mkikuta kitu kimefunikwa khanga, muulizeni kwanza mwenye nyumba. Siku hizi anafunua.